Kupanga na Kupangisha: Andikeni Kwanza, Ulizeni Mapema



Zamani kupanga nyumba ilikuwa habari ya watu wa mjini. Kijijini kila mtu alijenga kwake. Mgeni akija alipewa mahali pa kulala, akala ugali na wenyeji wake, basi.

Siku hizi mambo yamebadilika. Mwalimu mgeni anapanga chumba kijijini. Mganga wa zahanati naye anapanga. Kijana anayetaka kufungua kinyozi anapanga fremu pale senta. Na wazazi wengi, ambao watoto wao wanasoma sekondari iliyo mbali, wanawapangia chumba karibu na shule. Watoto wenyewe vyumba hivyo wanaviita mageto.

Kwa hiyo wengi wetu tumekuwa wapangaji, na wengine tumekuwa wenye nyumba, bila kufundishwa na mtu. Somo letu la leo ni hilo. Tutajifunza mambo matatu: kuandika mapatano, kujua haki na wajibu wa kila upande, na mahali pa kupata ushauri bila kulipa hela.

MIFANO MIWILI

Tuchukue mfano wa kwanza. Mama mmoja ana binti wa kidato cha pili. Kutoka kwake hadi shuleni ni mwendo wa saa tatu kwa miguu. Mwezi wa saba mama anauza mbuzi wawili, anampangia binti chumba kwa shilingi 15,000 kwa mwezi. Analipa miezi sita kwa mara moja, yaani shilingi 90,000. Karatasi haikuandikwa. Mwenye nyumba ni mzee wa heshima, na wanasali pamoja. Walipeana mikono tu.

Mwezi wa kumi yule mzee akafariki. Baada ya matanga, mtoto wake wa kiume akaja kutoka mjini kuangalia mali ya baba. Akamwambia binti: "Hapa sioni kodi iliyoandikwa popote. Mwambie mama yako alipe upya, la sivyo mtoe vitu kabla ya Jumamosi." Na mtihani wa kidato cha pili ni mwezi wa kumi na moja!

Je, hapa nani mwongo? Hakuna. Mama anasema kweli, amelipa. Kijana naye anasema kweli, hakuona maandishi yoyote. Aliyejua habari yote amekwisha zikwa. Hata watu waaminifu wanaweza kugombana kama hakuna karatasi.

Mfano wa pili. Mjane mmoja ana vyumba vitatu vya kupangisha. Mpangaji wake hajalipa miezi mitatu. Amefunga kufuli na kuondoka. Mjane amekasirika. Anawaita vijana, wanavunja kufuli na kutoa vyombo nje. Usiku mvua inanyesha. Baada ya siku mbili mpangaji anarudi, anasema godoro limeharibika, redio haipo, na hela zilizokuwa chini ya godoro hazipo pia. Anakwenda polisi. Mjane aliyekuwa anadai sasa anadaiwa, tena anaitwa kujibu mashitaka.

Huyu mjane alikuwa na haki yake ya kodi. Ameiharibu kwa sababu hakuuliza mapema. Kuuliza kungemgharimu nauli tu.

KABLA YA KUTOA HELA

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Wewe sasa unajua kusoma na kuandika. Fanya hivi:

1. Kione chumba mchana. Angalia paa, kuta, mlango, dirisha na choo. Uliza maji yanatoka wapi.

2. Hakikisha unayepatana naye ndiye mwenye nyumba, au ametumwa na mwenye nyumba. Muulize mwenyekiti wa kitongoji au jirani. Wako watu wanaopangisha nyumba zisizo zao.

3. Kama kuna dalali, usimpe hela kabla hujaona chumba na kuonana na mwenye nyumba.

4. Patana bei, na patana unalipa miezi mingapi. Usiseme "tutaelewana mbele ya safari."

5. Andikeni mapatano mbele ya mashahidi, kisha ndipo utoe hela.

Huenda mtu akasema, "Nikidai karatasi ataona simwamini." Mwambie hivi: "Baba, karatasi hii ni ya watoto wetu. Mimi na wewe tunaaminiana, lakini wao hawakuwepo." Mtu mwema hatakataa.

MFANO WA MKATABA

Mkataba ni mapatano yanayoshika kila upande. Si lazima uwe na maneno magumu. Nakili huu katika daftari lako, ujaze mwenyewe:

MKATABA WA KUPANGA CHUMBA

Leo tarehe ............ mimi ............ (mwenye nyumba) nimempangisha ndugu ............ (mpangaji) chumba kimoja katika nyumba yangu iliyopo kitongoji cha ............ kijiji cha ............

Kwanza: Kodi ni shilingi 15,000 (elfu kumi na tano) kwa mwezi.

Pili: Mpangaji amelipa miezi 6, jumla shilingi 90,000 (elfu tisini), kuanzia tarehe 1 Julai hadi tarehe 31 Desemba, mwaka ............

Tatu: Mwenye nyumba atatengeneza paa, kuta na choo. Mpangaji atatengeneza kitu atakachovunja yeye au mgeni wake.

Nne: Gharama ya umeme na maji italipwa na ............

Tano: Chumba kina mlango mmoja, kufuli moja na funguo mbili, dirisha moja lenye wavu, na taa moja.

Sita: Anayetaka kuvunja mkataba atampa mwenzake notisi ya mwezi mmoja kwa maandishi.

Sahihi ya mwenye nyumba ............ Sahihi ya mpangaji ............
Shahidi wa mwenye nyumba ............ Shahidi wa mpangaji ............

Mwisho wa mfano.

Sasa tuangalie kwa nini tumeandika hivyo. Hela tumeziandika kwa tarakimu na kwa maneno. Ukiandika 90,000 peke yake, mtu mbaya anaweza kuongeza 1 mbele, ikawa 190,000. Akikuta pameandikwa "elfu tisini", ameshindwa. Vitu vya chumbani tumevitaja ili siku ya kuhama pasiwe na ugomvi wa funguo na taa. Tarehe ya mwisho tumeiandika ili kila mtu ajue siku yake.

Andikeni nakala mbili, kila mtu abaki na yake. Asiyejua kuandika aweke alama ya dole gumba, lakini kwanza asomewe mkataba wote kwa sauti na mtu anayemwamini. Nakala yako usiiweke juu ya dari panya wakaila. Iweke pamoja na kadi za kliniki na vyeti vya watoto.

Kila ukilipa, dai risiti. Kama mwenye nyumba hana kitabu cha risiti, aandike katika daftari: tarehe, kiasi, miezi gani, na sahihi. Ukituma hela kwa simu, usifute ule ujumbe. Andika namba ya muamala na tarehe nyuma ya mkataba, maana simu huibiwa au hudumbukia majini.

Ukiletewa mkataba ulioandikwa kwa Kiingereza, na wewe Kiingereza hukijui, usitie sahihi. Omba uandikwe kwa Kiswahili. Hata sheria ya nchi ilibadilishwa mwaka 2021, Kiswahili kikawekwa kuwa lugha ya sheria na ya mahakama na mabaraza. Basi lugha ya chumba chako nayo iwe ile unayoielewa.

SHERIA INASEMAJE?

Tanzania ilikuwa na sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, ya mwaka 1984. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005. Maana yake, bei ya chumba chako na miezi ya kulipa mbele vinategemea mapatano yako na mwenye nyumba. Ndiyo sababu tunakazania maandishi. Pale ambapo bei inategemea mapatano, mapatano ndiyo ngao yako.

Lakini haina maana kwamba kila mtu anafanya atakavyo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika mwaka 2001, inaeleza mambo ya upangaji. Kwa kifupi:

Mwenye nyumba anapaswa kumwacha mpangaji akae kwa amani. Asiingie chumbani ovyo ovyo. Akitaka kuingia kukagua, atoe taarifa na aje saa ya kufaa. Nyumba ya kuishi iwe inafaa kukaa binadamu. Anapopangisha chumba katika nyumba, paa, kuta za nje na njia za wote ni juu yake kuzitengeneza.

Mpangaji anapaswa kulipa kodi kwa wakati. Akitunze chumba, akirudishe katika hali nzuri, ukitoa kule kuchakaa kwa kawaida. Asimpangishe mtu mwingine chumba hicho bila ruhusa ya mwenye nyumba.

Notisi nayo ina kipimo chake. Kama mnalipana kwa mwezi na hamkuandika muda wa mwisho wala habari ya notisi, notisi isipungue mwezi mmoja. Hii ni kwa pande zote mbili. Mpangaji naye asiondoke usiku kama mwizi.

Mwenye nyumba akifariki au akiuza nyumba, miezi uliyolipia haipotei. Anayeipokea nyumba anaipokea pamoja na mpangaji aliyemo, mpaka muda wake uishe.

Na je, mpangaji asipolipa? Mpe barua ya kumdai. Akikaa kimya, nenda kwa wasuluhishi, kisha barazani. Kumtoa mtu kwa nguvu, kuvunja kufuli, kung'oa bati au mlango ili ahame mwenyewe, hayo ni mambo ya hatari. Yanakufanya uwe mkosaji hata kama unamdai kweli.

USHAURI BILA MALIPO UNAPATIKANA WAPI?

Watu wengi wanafikiri habari za sheria ni za mwenye hela ya wakili. Sivyo. Tanzania ina Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Sheria hiyo inataka mtu asiye na uwezo apate msaada wa sheria bila kulipa. Pia imewatambua wasaidizi wa kisheria. Hawa ni watu waliofundishwa sheria za kawaida, na wengi wanaishi huku huku katika kata zetu. Kazi yao ni kueleza sheria, kumwonyesha mtu aende wapi, na kumsaidia kuandika karatasi zake. Hawaruhusiwi kukusimamia mahakamani kama wakili. Wala hawaruhusiwi kukudai malipo.

Fuata njia hii:

1. Anza karibu. Mwone mwenyekiti wa kitongoji na afisa mtendaji wa kijiji. Ugomvi mwingi unaisha hapa. Kama nyumba ipo katika ardhi ya kijiji, lipo pia baraza la ardhi la kijiji. Lina wajumbe saba, na kati yao wanawake wasipungue watatu. Kazi yake ni kusuluhisha.

2. Uliza msaidizi wa kisheria wa kata yenu. Ofisi ya kata inaweza kukuelekeza aliko.

3. Usipompata, nenda ofisi ya halmashauri, idara ya maendeleo ya jamii. Huko ndiko wanakoshughulika na watoa msaada wa kisheria wa wilaya. Sema: "Naomba kuonyeshwa msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa."

4. Baraza la kata. Kwa mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, baraza la kata halitoi tena hukumu ya kesi za ardhi na nyumba. Linasuluhisha. Likishindwa, linaandika hati kwamba usuluhishi umeshindikana. Zikipita siku 30 bila usuluhishi kukamilika, unaweza kuendelea mbele.

5. Mbele ni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Hapa shauri linasikilizwa na kuamuliwa. Usiende kabla ya kupita kwenye usuluhishi, utarudishwa. Kama unachodai ni deni tu, muulize kwanza msaidizi wa kisheria mahali pa kulipeleka.

Yako pia mashirika yanayosaidia bila malipo, kama Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, na Chama cha Wanasheria Wanawake Tanzania. Tena mwaka 2023 ilianzishwa Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, na wanasheria wakazunguka mikoani kusikiliza shida za wananchi. Ukisikia tangazo la wanasheria kuja katani kwenu, usikae nyumbani. Beba karatasi zako uende.

Angalia sana jambo hili. Ushauri ni bure, lakini kufungua shauri barazani kunaweza kuwa na ada. Hayo ni mambo mawili. Ukiambiwa lipa ada, uliza ni ya nini, na dai risiti ya serikali. Mtu akikuambia "toa ya soda nikusaidie", huyo si msaidizi. Katoe taarifa katika ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri.

MAZUNGUMZO

Turudi kwa yule mama wa mbuzi wawili. Tuseme amekwenda kwa msaidizi wa kisheria, dada mmoja kijana.

Dada: Shikamoo mama. Karibu ukae.

Mama: Marahaba mwanangu. Nimekuja na shida. Nimelipa kodi, sasa ninadaiwa upya. Na karatasi sina.

Dada: Pole mama. Siku unalipa, nani alikuwepo?

Mama: Alikuwepo mke wa marehemu. Yeye ndiye alizihesabu hela. Na mbuzi niliwauza kwa mchinjaji wa pale senta siku ile ile.

Dada: Vizuri. Hao ni mashahidi. Mke wa marehemu ameulizwa?

Mama: Hajaulizwa. Yuko katika eda, nikaona haya kumsumbua.

Dada: Tutamwendea kwa heshima, pamoja na mwenyekiti wa kitongoji. Yule kijana naye tumwite. Hajafanya kosa kuuliza, kosa ni kumtoa mtoto kabla ya kusikilizana. Nitakusaidia kuandika barua. Wewe andika tarehe zote unazozikumbuka.

Mama: Nikulipe nini, mwanangu?

Dada: Hakuna malipo, mama. Ila nakuomba kitu kimoja. Mkielewana, andikeni. Mwezi wa kumi na mbili si mbali.

Umeona, ndugu msomaji? Mama hakuwa na karatasi, lakini hakuwa mikono mitupu. Shahidi anasaidia. Tarehe inasaidia. Lakini angalia safari yote hiyo, na mjane kusumbuliwa katika msiba, kwa ajili ya karatasi moja ambayo ingeandikwa kwa nusu saa. Na je, kama yule mjane naye angekuwa hayupo siku ile?

Jambo jingine: mama amekwenda mapema, kabla ya Jumamosi. Angengoja mpaka vitu viko nje na binti analia barabarani, kazi ingekuwa kubwa zaidi, na mtihani ungemkuta mtoto hana pa kulala. Ushauri ni kama dawa ya malaria. Ukiiwahi homa ikiwa changa, inatosha.

NENO KWA WENYE NYUMBA

Wako wenye nyumba wanaodhani ushauri huu ni wa wapangaji tu. Msaidizi wa kisheria ni wa wote. Wewe mjane, wewe mzee uliyejenga vyumba viwili kwa hela ya pamba, kodi hiyo ndiyo pensheni yako. Mkataba unakulinda na mpangaji asiyelipa. Daftari la risiti linakukumbusha nani amelipa na nani bado. Na watoto wako watakapobaki, watajua mambo yako yalivyokaa. Uliza pia halmashauri na ofisi ya kodi ya mapato habari ya kodi ya serikali na ushuru wa stempu kwenye mkataba, usije ukashtukizwa.

MANENO YA KUKUMBUKA

Mkataba: mapatano yanayowafunga waliopatana.
Notisi: taarifa ya mapema kwamba unataka kuhama au unataka mtu ahame.
Nakala: karatasi ya pili inayofanana na ya kwanza.
Usuluhishi: kupatanisha watu bila kutoa hukumu.
Msaidizi wa kisheria: mtu aliyefundishwa na kusajiliwa kutoa msaada wa sheria bila malipo.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini hela huandikwa kwa tarakimu na kwa maneno?
2. Yule mjane wa mfano wa pili angefanya nini badala ya kuvunja kufuli? Tajeni hatua tatu.
3. Anayelipa kodi kila mwezi, notisi yake isipungue muda gani?
4. Nani ni msaidizi wa kisheria katika kata yenu? Kama hamumjui, chagueni mtu mmoja akaulize ofisi ya kata kabla ya mkutano ujao.

ZOEZI

Nakili mkataba wa hapo juu katika karatasi safi. Kama umepanga au umepangisha bila maandishi, ujaze wiki hii pamoja na mwenzako, mkiwa bado mnacheka pamoja.